Pete 11 za Phil Jackson hazijamaliza ubishi wa kocha bora NBA

Ubishi ulianza Jumapili jioni kwenye korti ya mtaani kwetu, ile yenye ringi moja iliyopinda na nyingine isiyo na wavu. Tulikuwa tumemaliza kucheza, tumekaa ukutani tukipunga upepo, wakati jamaa anayerekebisha simu pale steji aliporusha lile neno lake la kila siku: "Phil Jackson ana pete 11. Nani mwingine? Stori imeisha."

Nikamwambia stori haijaisha. Tukabishana hadi msee wa smokie akafunga kitoroli chake akaenda zake, na bado hakuna aliyekubali kushindwa.

Hebu nianze kwa kumpa jamaa haki yake. Phil alishinda mataji sita na Chicago Bulls, kisha matano na Los Angeles Lakers. Anayemfuata ni Red Auerbach wa Boston Celtics mwenye tisa, ingawa enzi zake ligi nzima ilikuwa na timu nane au tisa tu. Chini yao kuna John Kundla wa zamani sana, Pat Riley na Gregg Popovich, kila mmoja matano. Steve Kerr wa Golden State Warriors ana manne. Ukienda kwa hesabu ya pete, ubishi unaisha kabla chai haijapoa.

Jibu langu lilikuwa lile ambalo kila mtu hulitoa. Mpe kocha yeyote Michael Jordan na Scottie Pippen, kisha umpe Shaquille O'Neal na Kobe Bryant, uone kama hatashinda. Kumbe jamaa alikuwa ananingojea papo hapo. "Msimu wa 1993-94 Jordan alikuwa ameenda kucheza besiboli," akasema. "Bulls walishinda mechi ngapi?"

Walishinda 55. Bila Jordan. Nilikunywa maji kwanza. Na hata hao Shaq na Kobe walikuwa pamoja Lakers tangu 1996, lakini hawakuonja taji mpaka Phil alipofika 1999. Kwa hivyo sitasema Phil alibebwa. Atakayesema hivyo hajui basketiboli.

Tukajaribu kutumia tuzo badala ya pete. Hapo ndipo mambo yanachekesha. Phil huyo huyo wa pete 11 alipewa tuzo ya Kocha Bora wa Mwaka mara moja tu, 1996. Jerry Sloan wa Utah Jazz alishinda zaidi ya mechi 1,200 na hakuipata hata siku moja. Dwane Casey naye aliipata 2018, lakini kabla ya kukabidhiwa alikuwa ameshapigwa kalamu na Toronto Raptors! Aliyemtimua ni Masai Ujiri, ambaye mamake ni Mkenya, na msimu uliofuata Raptors wakabeba taji chini ya Nick Nurse. Ujiri alionekana mkatili, kisha akaonekana na akili. Ila usisahau kwamba katikati hapo alimleta Kawhi Leonard. Sasa hilo taji ni la kocha, la bosi au la Kawhi?

Kocha ninayemtetea mimi ni Popovich, na sababu yangu ni usiku mmoja ambao alipoteza.

Fainali za 2013, mechi ya sita, Miami. San Antonio Spurs wanaongoza 3-2 na wanahitaji ushindi mmoja tu. Zimebaki sekunde chache, wako mbele kwa alama tatu, na tayari kamba za manjano zimetolewa kando ya uwanja kwa ajili ya sherehe. Pop anamtoa Tim Duncan, nguzo ya timu yake, anaweka watu wepesi wa kukimbizana na watupaji wa Miami Heat. LeBron James anatupa, anakosa. Chris Bosh anaudaka mpira pale ambapo pengine Duncan angekuwa, anampa Ray Allen kwenye kona, na Allen anafunga ya alama tatu zikiwa zimebaki sekunde 5.2. Heat wakashinda katika muda wa ziada, na mechi ya saba pia wakaichukua.

Nimetazama hiyo video YouTube mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Kikapu kimoja tu! Kama kingegonga chuma, Pop angekuwa na pete sita na Erik Spoelstra wa Miami angekuwa na moja, si mbili. Wangekuwa makocha wale wale, wenye akili ile ile. Ndiyo maana nikisikia mtu anahesabu pete kama anahesabu mbuzi, nachoka.

Lakini lililonigusa ni la baadaye. Spurs walikuwa na mkahawa uliohifadhiwa kwa chakula cha pamoja usiku huo. Timu nyingi zingefuta hiyo mipango na kila mtu akajifungie chumbani alie. Pop alisisitiza waende wote, wakae, wale pamoja. Mwaka uliofuata wakarudi fainali dhidi ya Heat hao hao na kuwatandika 4-1, mpira ukizunguka mkono hadi mkono mpaka unasahau nani ni staa. Timu yenyewe ilikuwa na Wafaransa, Muajentina, Mbrazili na Muaustralia. Pop aliacha ukocha Mei 2025 akiwa na ushindi wa mechi 1,390 za msimu wa kawaida, ambao hakuna kocha mwingine aliyewahi kuufikia.

Kwa nini linanigusa? Mwaka jana niliacha chuo, mambo ya karo, nikabaki na wakati mwingi kuliko pesa. Vijana wa hapo kortini, wa miaka 14 na 15, wakaniomba niwasimamie kwenye shindano dogo la mitaa. Nikajiona Pop kabisa. Mechi ya nusu fainali, tuko mbele kwa alama moja, nikamtoa kijana mfupi kuliko wote, ambaye mchana mzima alikuwa akiwapokonya watu mpira, nikaingiza mrefu wa kudaka. Yule mrefu alipitwa kama mlango wazi na tukapoteza. Mfupi akaniuliza mbona nilimtoa. Nikamfokea mbele ya kila mtu: "Wewe mfupi ungefanya nini pale?"

Hakuja mazoezini wiki tatu.

Uamuzi wa kumtoa ulikuwa kosa la kawaida, hata Pop amelifanya kwenye fainali. Ile kauli ndiyo inayoniuma hadi leo. Nilimtafuta kwao, tukala chapati madondo pale kwa kibanda, nikamwambia nilikosea. Hakunijibu kitu. Alimaliza chapati, akasema asante, akaenda. Jumamosi iliyofuata alikuja, kachelewa dakika ishirini, na sikumuuliza alikuwa wapi.

Kwa makocha ambao bado wako kazini, kura yangu ni ya Spoelstra. Aliingia Miami 1995 kupitia chumba cha video, kazi yake kukata kanda za mechi ili makocha wakubwa watazame, na 2008 Riley akampa timu. Usidhani namsifu kwa sababu mimi mwenyewe sina cheti. Jamaa alimaliza chuo kikuu na babake alikuwa bosi kwenye ligi, kwa hivyo hakutoka vumbini vile watu husimulia. Ninachopenda ni anachofanya na wachezaji ambao hakuna timu iliyowachagua siku ya kuchaguliwa. Mwaka 2023 Heat waliingia mchujo wakiwa wa nane Mashariki, na hao kina Gabe Vincent, Caleb Martin na Max Strus wakamsaidia Jimmy Butler kuwatoa Milwaukee Bucks waliokuwa wa kwanza, wakawatoa New York Knicks, wakawatoa Celtics, hadi fainali. Huko Denver Nuggets waliwalaza 4-1, lakini ni nani aliyetarajia wafike?

Msimu ninaoupenda zaidi hata hawakuingia mchujo. Mwaka 2016-17 walianza kwa kushinda 11 na kupoteza 30. Nusu ya pili wakashinda 30 na kupoteza 11. Wachezaji wengi wale wale, kocha yule yule. Ukiniuliza kazi ya kocha ni gani, nitakuonyesha hizo namba. Na hadi mwisho wa msimu wa 2024-25 hakuwa amewahi kupewa Kocha Bora wa Mwaka.

Jamaa wa simu hakukawia kunikumbusha kwamba 2025 Cleveland Cavaliers waliwafagia Heat 4-0 kwa jumla ya tofauti ya alama 122, aibu ambayo ligi haikuwa imewahi kuona katika mchujo. Ni kweli, sina la kujitetea. Nikamrudishia na Liz Mills, yule Muaustralia aliyeiongoza Morans yetu kuwapiga Angola, wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11, kwa 74-73 pale Yaoundé Februari 2021, na Kenya ikarudi AfroBasket baada ya miaka 28. Mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu katika ligi ya BAL, akiwa na AS Salé ya Morocco. Yeye hana pete ya NBA, lakini muulize Mkenya yeyote aliyetazama ile mechi kama alikuwa kocha mzuri au la.

Jamaa alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akapangusa viatu, akachukua mpira wake.

"Kwa hivyo kocha bora ni yule anayenunulia watu chakula?"

Nikamwambia siyo hivyo, sikiza vizuri.

"Sawa," akasema akienda zake. "Bado ni 11."