MGB GT ya Bei Poa: Chungulia Chini Kwanza

Wandugu, ukiona MGB GT inauzwa bei poa hapa Uingereza, usikimbilie kutoa hela. Ni gari la spoti lenye paa gumu, lililotengenezwa Abingdon kuanzia 1965 hadi 1980. Pininfarina wa Italia walisaidia kuchora paa hilo. Injini ya kawaida ni silinda 4, cc 1798. Ni ngumu, haina makuu, na vipuri bado vipo.

Kazi iko kwenye bodi. Halina chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na nguvu kubwa iko kwenye vizingiti chini ya milango. Maji na chumvi ya barabarani hujificha humo, kutu ikala kutokea ndani huku rangi ya nje inang'aa. Pitisha sumaku: isiponata, hapo ni puti. Inua kwa jeki: mlango ukianza kubana, bodi imeshalegea.

Gari lililozidi miaka 40 huweza kuombewa msamaha wa kodi, na kwa kawaida halilazimiki kukaguliwa kila mwaka. Kwa hiyo mkaguzi ni wewe. Kuchomelea vizingiti vipya kunaweza kuzidi bei uliyonunulia, na bima haina msamaha. Usiingie mkenge.