Mwambie Daktari Unavyokaa

Mtazame mama anayekuna nazi. Amekaa juu ya mbuzi, magoti yamepanda kupita nyonga, kiwiliwili kimeinama mbele. Kwa nyonga ya kuzaliwa nayo, mkao huo si neno. Kwa nyonga bandia yenye wiki sita tu, waweza kuichomoa.

Nyonga bandia ni tufe linalozunguka ndani ya kikombe. Paja likikunjwa kupita nyuzi 90 huku mguu umegeukia ndani, shingo ya chuma hugota kwenye ukingo wa kikombe, tufe likasukumwa nje. Maumivu huwa makali, mguu hufupika, na kusimama hakuwezekani. Hapo ita ambulensi, wala asije mtu akauvuta.

Kwa upasuaji wa mara ya kwanza, kuchomoka huku huwapata wagonjwa kama 1 hadi 3 katika 100, wengi wao miezi mitatu ya mwanzo, misuli na utando unaoshika kiungo vikiwa bado havijapona. Walio hatarini zaidi ni wanaorudiwa upasuaji, waliovunjika shingo ya paja, wenye Parkinson au maradhi ya usahaulifu, na waliofungwa vyuma uti wa mgongo, maana mgongo usiokunjika huiachia nyonga kazi yote. Katika jamaa zetu wapo pia wenye siko seli, ugonjwa unaoweza kuua mfupa wa nyonga mtu angali kijana, hata akahitaji nyonga bandia.

Daktari naye ana sehemu yake: pembe anayokiwekea kikombe, kuushona vizuri utando akipitia nyuma, na ukubwa wa tufe. John Charnley, aliyeanzisha upasuaji huu wa kisasa Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, alitumia tufe la milimita 22. Siku hizi la 32 au 36 ni la kawaida, kwani tufe kubwa lina safari ndefu zaidi kabla ya kutoka.

Kabla ya upasuaji huenda ukaulizwa kimo cha kiti na kitanda chako. Mkeka, sijda, mbuzi na choo cha kuchuchumaa kinachokungoja ukienda nyumbani, huenda asiviulize mtu. Vitaje mwenyewe, mapema, daktari achague kifaa na njia akijua maisha yako, naye mtaalamu wa mazoezi akwambie lini utarudia lipi. Swala yaruhusiwa kitini kwa mgonjwa. Na nazi, kwa miezi hiyo mitatu, aikune mjukuu.