Mbolea Inayozama Hadi Kisimani

Chota konzi moja ya udongo wa shambani kwako. Ulowanishe kidogo, kisha uviringe kati ya viganja kama mtu anayesokota kamba. Ukikatika na kukukwaruza mikono, huo ni wa kichanga. Ukitoa uzi mrefu unaopinda bila kuvunjika, huo ni wa mfinyanzi. Jambo hili linahusu afya ya mtoto wako.

Chembe za mchanga ni kubwa, na nafasi kati yake ni kubwa vilevile. Mvua ikinyesha, maji hushuka haraka. Chembe za mfinyanzi ni ndogo sana na zimebanana. Maji huzipita polepole.

Sasa, ukiweka urea shambani, vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa chumvi iitwayo naitreti. Samadi na kinyesi cha chooni navyo hutoa naitreti. Mahindi huipenda. Lakini naitreti huyeyuka upesi katika maji, na udongo hauishiki vizuri. Mahindi yasipoiwahi, mvua huishusha. Kwenye kichanga hufika mapema katika maji ya kisima. Mkulima amenunua mbolea kwa fedha zake, na sasa anainywa.

Mtu mzima haimdhuru upesi. Hatari kubwa ni kwa mtoto wa chini ya miezi 6 anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji ya kisima. Naitreti hugeuka mwilini mwake, na damu hushindwa kubeba hewa safi. Midomo, ufizi na kucha huwa na rangi ya bluu au ya kijivu. Mtoto huhema na kulegea. Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, alieleza habari za watoto wachanga wawili wa mashambani waliougua hivyo kwa maji ya visima. Na hapa kwetu Dodoma, uchunguzi uliotangazwa mwaka 1996 ulikuta naitreti nyingi katika maji ya ardhini. Huko chanzo kikubwa kilikuwa majitaka.

Naitreti haionekani wala haina harufu. Hupimwa maabara. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 katika lita moja ya maji.

Nilipoanza kazi ya uganga, kila mama nilimwambia: chemsha maji, yatosha. Kuchemsha huua vijidudu, na lazima tuendelee kuchemsha. Lakini naitreti haifi kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe hubaki ileile, na maji huwa makali zaidi. Niliwahi kumwambia hivyo mama ambaye kisima chake kilikuwa hatua chache chini ya zizi la ng'ombe, kwenye kichanga kitupu. Nilipaswa kumwuliza kwanza anachota wapi.

Metali zina tabia nyingine. Shaba iliyomo katika mrututu, na risasi iliyomo katika betri za magari, hushikwa na mfinyanzi na mboji, zikabaki karibu na uso wa ardhi. Kichanga chenye uchachu huziachia zikashuka. Mbolea ya SA ikitumika miaka mingi huongeza uchachu huo. Chokaa ya kilimo huupunguza. Kwa hiyo, betri mbovu usiivunje wala kuifukia karibu na kisima.

Mkulima wa kichanga, usimwage mbolea yote siku ya kupanda. Weka kidogo, nyingine ngoja mahindi yafike magotini. Changanya mboji, maana hushika maji na chakula cha mimea. Lakini samadi ikizidi mno nayo hutoa naitreti, kwa hiyo mwulize Bwana Shamba kipimo. Choo na zizi viwe upande wa chini wa mteremko, mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Kwenye kichanga, ongeza.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu. Ikiwa hakuna budi ila maziwa ya kopo, tumia maji yaliyopimwa, au maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi na kuchemshwa. Ukiona midomo yake imebadilika rangi, mpeleke zahanati saa ileile, hata kama ni usiku, na umweleze mganga maji uliyotumia.