Kwa Nini Makato Yalizimwa Januari?

Rekodi yenyewe ina maneno mawili tu: "zima AHL". Juu yake kuna msururu wa herufi na tarakimu 40, jina la kijana aliyeiandika, na tarehe ya mwisho wa Januari 2024. AHL ni ule ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ambao kila mwajiriwa nchini Kenya ameuona kwenye payslipu yake. Ulizimwa kwa nini? Kwa agizo la nani? Rekodi haisemi.

Chini yake, yakiwa yamesogezwa kulia kidogo, kuna maandishi ambayo kijana huyo hakuyaandika:

"Mahakama ya Rufaa imekataa kurefusha muda, 26/1/2024. Makato yasimame. Mteja wa mjini alilipa mishahara tarehe 25, kwa hiyo watu wake walikatwa Januari. Usishangae hesabu zisipolingana. Nimeongeza noti hii Oktoba 2025."

Nilikuwa Westlands kwa shughuli nyingine kabisa, katika ofisi ya ghorofani karibu na Barabara ya Waiyaki, nilipoyaona maneno hayo kwenye skrini. Yalikuwa yamebandikwa karibu miaka miwili baada ya tukio, kwenye rekodi ambayo watu wa kompyuta hukuambia haiguswi. Nilishindwa kuyatoa akilini. Nikarudi kumtafuta aliyeyaandika.

Ni mwanamke anayesimamia mfumo wa mishahara unaotumiwa na kampuni kadhaa za katikati ya jiji. Hakutaka jina lake litajwe, maana mishahara ya watu ni siri ya watu. Vijana anaofanya nao kazi humwita Madam, nami nitamwita hivyo hivyo. Alianza kuandika programu miaka ile kituo cha teknolojia cha iHub kilipokuwa Bishop Magua Centre, Barabara ya Ngong, na msimbo wa Ushahidi, mradi uliozaliwa na machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, ulikuwa wazi kwa yeyote kuusoma. Huko ndiko alikojifunza Git, programu aliyoiunda Linus Torvalds mwaka 2005, inayohifadhi kila badiliko la msimbo pamoja na ujumbe mfupi wa aliyelifanya. Wenyewe huliita komiti.

"Ujumbe wa komiti huandikwa usiku, mtu amechoka, mteja anapiga simu," anasema Madam. "Ataandika 'rekebisha', kesho 'rekebisha tena'. Wakati huo anajua anachorekebisha. Baada ya wiki tatu hata yeye mwenyewe hajui."

Mbona basi asiufungue ujumbe wa zamani akaujaza? Nilipomuuliza hivyo aligeuza skrini ili nione vizuri. Zile herufi na tarakimu 40 ni muhuri unaotokana na kila kitu kilichomo kwenye komiti: hali ya msimbo, jina, saa, ujumbe, na muhuri wa komiti iliyotangulia. Akafungua nakala ya majaribio, akaongeza nukta moja baada ya "zima AHL". Muhuri ukabadilika wote, mwanzo hadi mwisho. Na kwa kuwa kila komiti inabeba muhuri wa ile iliyo nyuma yake, zote zilizofuata zikapata mihuri mipya hadi ile ya asubuhi hiyo. Angefanya hivyo kwenye kazi yenyewe, wenzake wangejikuta na historia isiyolingana na ya seva.

"Na hata kama kungekuwa hakuna usumbufu, nisingeubadilisha," akasema. "Yule kijana aliandika maneno mawili. Nikimwongezea la tatu ndani ya ujumbe wake, nimemlisha maneno."

Noti hukaa kando. Tangu mwishoni mwa 2009 Git ina amri ya kuandika maelezo na kuyaambatisha na muhuri wa komiti bila kuigusa komiti, kama karatasi iliyobanwa kwa pini kwenye barua iliyotiwa lakiri. Anayesoma historia hukutana kwanza na ujumbe wa asili jinsi ulivyoandikwa, kisha noti chini yake. Noti nazo zina historia yake: ukiirekebisha moja, ya awali bado inaweza kusomwa, na jina lako na saa vipo. Kwangu huu ni ustaarabu mkubwa. Aliyetangulia anabaki na maneno yake, hata yakiwa pungufu, na anayekuja nyuma anajaza pengo kwa jina lake mwenyewe.

Kwa mishahara ya Kenya, pengo hilo si dogo. Mahakama Kuu iliisimamisha Sheria ya Fedha ya 2023, iliyoleta ushuru huo wa nyumba, tarehe 30 Juni, siku moja kabla ya kuanza kutumika. Mahakama ya Rufaa ikaliondoa agizo hilo 28 Julai, wakati waajiri wengi huwa wameshamaliza mishahara ya mwezi. Novemba 28, majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema ushuru wa nyumba unakiuka Katiba, lakini makato yakaruhusiwa kuendelea kwa muda. Januari yakasimama. Machi 19, 2024, mwezi ukiwa katikati, Rais William Ruto akatia saini sheria mpya, makato yakarudi. Katika mfumo wa Madam mvutano wote huo ni "washa AHL", "zima AHL", "washa AHL". Na hapo hatujagusa makato ya pensheni ya NSSF, ambayo viwango vyake vimekuwa vikipanda kila Februari tangu 2023, wala bima ya afya ya SHIF ya asilimia 2.75 iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

"Mfanyakazi akija na payslipu ya Januari, anauliza mbona yeye alikatwa na mwenzake wa kampuni nyingine hakukatwa," Madam ananieleza. "Msimbo utanionyesha kwamba mstari uliondolewa saa fulani. Hautaniambia kwamba mahakama iliamua Ijumaa na huyu alikuwa ameshalipwa Alhamisi. Na huyo mtu ana haki ya kujibiwa."

Kwa hiyo jioni, vijana wakishaondoka, hupekua barua pepe za zamani, jumbe za WhatsApp na maamuzi ya mahakama, akitafuta sababu ya komiti moja baada ya nyingine. Si zote anazozipata. Chini ya komiti moja ya 2022 ameandika: "Sababu haijulikani. Nimemuuliza aliyeandika, hakumbuki." Nilimuuliza ya nini kubandika noti isiyoeleza chochote. Akasema atakayemfuata asipoteze jioni yake kutafuta kisichopatikana.

Kinachosikitisha ni kwamba noti hizi hazisafiri zenyewe. Ukinakili mradi, Git haikuletei noti mpaka uziombe; ukituma kazi kwenye seva, haizitumi mpaka uiamuru. GitHub, ambako wengi huhifadhi misimbo yao, iliacha kuzionyesha 2014. Kijana wa meza ya pili alikuwa na historia ile ile kwenye mashine yake lakini hakuwa na noti hata moja. Kwa muda zote zilikuwa kwenye kipakatalishi kimoja tu, ambacho Madam hukibeba kwenye matatu kila jioni hadi Kangemi.

Maswali mengine sikuyapatia jibu. Noti iliyoandikwa karibu miaka miwili baadaye, ikifika mbele ya Mahakama ya Ajira, itahesabiwa ushahidi au maoni? "Mimi si wakili," alijibu, akanyamaza. Je, noti hizi ni mali ya mwajiri au ya aliyekaa jioni kuziandika? Na yule kijana wa "zima AHL", ambaye siku hizi anafanya kazi ng'ambo, alitumiwa maelezo yaliyo chini ya jina lake, akajibu kwa alama ya kidole gumba. Hiyo ni ridhaa?

Siku hizi amri ya kuzituma noti imebandikwa ukutani juu ya meza za vijana: git push origin refs/notes/commits. Kama kampuni yako inalipa watu kwa mfumo ulioandikwa na mtu ambaye ameshaondoka, mpigie simu wiki hii umuulize kama aliacha noti. Akiwa nazo, mwombe azitume kabla hajauza kipakatalishi chake.