UKIPIGA JIWE BARABARANI, USIJIFANYE KAMANDA!

Msomaji wangu, likizo ikinukia tu, vijana wa mjini tunajuana. Ka-IST kanaoshwa, miziki inapangwa, washikaji wanachanga ya mafuta, safari ya Mbeya hiyo! Zaidi ya kilometa 800 kutoka Dar, na kila mtu anawaza pa kula Morogoro na pa kupiga picha Mikumi. Nani anawaza mawe? Hakuna.

Sasa sikiliza. Lori likiharibikia mlimani, pale Kitonga kwa mfano, utingo anaruka chini na kuweka mawe nyuma ya matairi lisirudi kinyumenyume. Anakata na matawi, anayatupa barabarani kuwaonya wanaokuja. Mpaka hapo kafanya vizuri. Kasheshe ni pale lori linapopona: jamaa wanadandia, wanatokomea, mawe yanabaki katikati ya lami yakikusubiri wewe. Ongeza na maganda ya matairi yaliyopasuka, mitego imekamilika.

Ukiwa kwenye 100 kwa saa, kila sekunde unakula mita 28 hivi. Usiku, sekunde mbili tu umeshalifikia jiwe. Ndiyo maana ukiona matawi barabarani, punguza mwendo hapo hapo, na uendelee kuwa mpole hata baada ya kulipita lori. Na usikwepe kwa kukata usukani ghafla. Bora ulipige jiwe kuliko kuvaana uso kwa uso na basi.

Haya, umelipiga. "Kriii!" chini ya gari. Hapa ndipo wajanja wengi wanapoumbuka: wanaongeza sauti ya redio na kusonga mbele eti "tutaangalia Iringa." Mwanangu, jiwe linatoboa sampo tu, anayeua injini ni dereva anayeendelea na safari. Ile taa nyekundu yenye picha kama birika ikiwaka, maana yake oili haizunguki. Zima injini, usisubiri kituo kinachofuata. Ukikaidi, injini inanoki, na nauli ya kurudi utaomba kwa shemeji. Taa ya joto nayo ikiwaka nyekundu, huenda rejeta imetoboka. Zima, subiri ipoe kabisa ndipo ufungue kifuniko. Ukifungua ya moto, yale maji yatakuchuna uso.

Toa gari nje ya lami, washa hazadi, weka pembetatu mbali nyuma yako ili anayekuja apate nafasi ya kufunga breki. Abiria washuke wakae pembeni. Kupiga stori katikati ya gari na barabara ni kuita maafa.

Kisha inama uchungulie. Matone meusi au ya rangi ya asali ni oili. Ya kijani au mekundu mepesi yanaweza kuwa maji ya rejeta. Ikinuka petroli, hakuna sigara, hakuna kiberiti. Petroli haina utani: Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lililopinduka lililipuka na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Tundu dogo la tangi mafundi wetu huliziba kwa sabuni ya mche, lakini hiyo ni ya kukufikisha kwa fundi aliye karibu, siyo ya kukufikisha Mbeya.

Tairi nalo likaguliwe ubavuni. Ukiona uvimbe kama jipu, badilisha hata kama upepo umejaa. Na kama spea yako ni ile nyembamba, isome: nyingi zimeandikwa mwisho 80 kwa saa. Kioo cha mbele kikipata nyota ndogo, bandika selotepu safi vumbi lisiingie, na usikipulizie baridi kali ya kiyoyozi kikiwa kimechomwa na jua. Ufa unatembea huo! Mwenye bima ndogo asahau kulipwa kioo. Mwenye bima kubwa apige picha na kuwapigia simu kabla fundi hajagusa.

Kwa fundi wa njiani, patana bei kabla spana haijatoka mfukoni, na kifaa cha zamani ukikabidhiwe mkononi. Anayesema "tulia bosi, tutaongea baadaye" anajua unavyohangaika.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka, nyuma ya gari kuwe na jeki, spana ya magurudumu, spea yenye upepo, lita moja ya oili, maji, tochi na mche wa sabuni. Spika kubwa ipunguzwe kidogo, nafasi itapatikana.

La mwisho. Siku gari lako likigoma mlimani na ukaliwekea mawe, ukipona usiondoke kama wale jamaa wa lori. Yasukumie mtaroni, na matawi yako pia. Nyuma yako kuna ka-Vitz kamebeba mama na mtoto, na taa zake siyo kali.

Safari njema, tukutane wiki ijayo.