Ua wa Kikopey na Jicho la Jirani wa Juu

Msafiri wa Nairobi kwenda Nakuru huijua Kikopey kwa mbuzi choma. Nyuma ya hoteli zile za kando ya barabara ardhi inateremka kuelekea Ziwa Elmenteita, na huko kumeshamiri biashara nyingine: mashamba yanakatwa ploti. Mnunuzi mara nyingi ni mtu wa mjini aliyechoka kusikia kikohozi cha jirani kupitia ukutani. Anataka ua mkubwa na anataka faragha, na anaamini kwamba akipata cha kwanza, cha pili kitakuja chenyewe. Imani hiyo inawagharimu watu pesa nyingi, na inafaa ichunguzwe polepole kabla ya kuweka sahihi.

Tuanze na vipimo. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mita za mraba 464 hivi. Madalali huiuza kama moja ya nane ya eka, ingawa moja ya nane kamili ni mita za mraba 506. Upana wake ni mita 15. Ukiweka nyumba yenye upana wa mita 10, kila upande unabaki na mita 2 na nusu, na dirisha la chumba chako cha kulala linatazamana na dirisha la mwenzako. Sasa chukua ploti mbili zenye eneo sawa, moja ya futi 100 kwa 100, nyingine ya 50 kwa 200. Kwenye karatasi hazina tofauti hata ya mita moja ya mraba. Kwenye ardhi, ya kwanza inakupa mita 10 kila upande wa nyumba ile ile, na ya pili inakuacha na zile mita 2 na nusu lakini inakupa kina cha mita 60. Kabla ya kuuliza ploti ni kubwa kiasi gani, uliza umbo lake, kisha uliza umbo hilo limelazwa vipi juu ya mteremko.

Mteremko ndio kiini cha jambo hapa. Kinachouzwa Kikopey, hata pale dalali asiposema, ni mandhari: ziwa, korongo na flamingo wake, ardhi ya hifadhi ya Soysambu ng'ambo, na kile kilima kinachofanana na mtu aliyelala chali. Kila mnunuzi atajenga akiwa ameelekeza sebule na roshani upande huo. Lakini ziwa liko chini. Anayelitazama kutoka juu anatazama kupitia kwako. Jirani wa juu hana nia mbaya, wala hahitaji kuwa mchunguzi wa mambo ya watu. Amelipia kuona maji, na kati yake na maji umekaa wewe na watoto wako na kamba ya nguo.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kiwanja cha jirani wa juu kimeinuka mita 2 kuliko chako, na mpakani umejenga ukuta wa mita 2.4 ukipimwa kutoka kwako. Kwake ukuta huo ni sentimita 40 tu. Akisimama mita 10 nyuma ya ukuta, macho yake yakiwa mita 1.6 kutoka ardhini, mtu aliyeketi uani kwako amefichika ikiwa yuko ndani ya mita 10 kutoka ukutani. Si vibaya. Lakini jirani akipandisha ghorofa moja, macho yake yanafika mita 6.5 juu ya ardhi yako, na sehemu iliyofichika inanywea hadi mita 3. Uwe na robo eka au eka nzima, kila kitu kilicho nje ya ukanda huo wa mita 3 kiko mbele ya macho yake. Ukubwa wa ua haukuongeza faragha hata kidogo. Umeongeza eneo la kuonekana.

Wengi hujibu kwa kupandisha ukuta. Kushinda roshani ile kwa mawe pekee kungehitaji ukuta wa karibu mita 6, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayejenga hivyo nyumbani kwake. Miti inaweza, na hapa ndipo ua mkubwa unapopata thamani yake ya kweli, kwa sababu safu mbili za miti zinahitaji nafasi. Kaiyaba huzuia mwizi na mbuzi, ila ukiipogoa iwe uzio wa kawaida haizuii jicho la ghorofani. Saipresi hukua haraka na hunyonya maji kwa pupa. Leleshwa, ambayo ni ya hapa hapa na imezoea ukame wa Gilgil na Elmenteita, haidai bomba. Mvua ya eneo hili si ya kutegemewa kwa bustani pana: nyasi za mita 300 za mraba zikipewa milimita 4 kwa siku wakati wa kiangazi zinakunywa lita 1,200 kila siku. Mwenye nusu eka aliyekusudia kuigeuza zulia la kijani ajue atakuwa akilinunulia lori la maji.

Watu wa Lamu walikwisha kulifumbua fumbo hili la faragha kwenye viwanja vidogo kuliko chochote kinachouzwa Kikopey. Katika mji ule wa kale, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, nyumba za mawe zimebanana hadi zinashirikiana kuta. Hata hivyo mpita njia haoni kitu. Anakutana kwanza na daka, kibaraza chenye mabenchi ya mawe ambako mgeni wa kawaida hupokelewa na kumaliza shughuli yake. Akiruhusiwa kupita, njia inapinda kwenye tekani, kwa hiyo hata mlango ukiachwa wazi jicho linagonga ukuta. Baadaye ndiyo kinakuja kiwanda, ua mdogo ulio wazi kwa anga, na kutoka hapo vyumba vinafuatana hadi ndani, palipo pa faragha kuliko pote. Pale nyumba yenyewe ndiyo ua. Majengo yanakuzunguka, nawe unaishi katikati yao.

Huku bara tumezoea kinyume: tunaweka nyumba katikati ya ploti na kuizungushia vipande vinne vya ardhi, kila kimoja kikiwa wazi kwa jirani mmoja. Nionavyo, mazoea hayo yanaharibu faragha kuliko udogo wa kiwanja. Rudi kwenye mteremko wetu. Sogeza nyumba hadi karibu na mpaka wa juu, kwa umbali ambao kaunti itaidhinisha, na uache ua wote uwe upande wa chini, wa ziwa. Paa lenye kimo cha mita 5, mita 8 kutoka ukutani, linakata mstari wa macho ya yule jirani wa ghorofani kiasi kwamba zaidi ya mita 40 za ardhi nyuma yake zinafichika. Jengo ambalo ungelijenga kwa vyovyote vile limefanya kazi ambayo ukuta wa mita 2.4 haukuiweza, na ziwa bado unaliona.

Sauti ina sheria nyingine, na hapa ua mkubwa unadanganya zaidi. Kelele za spika ya hoteli hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Kelele za barabara yenye magari mfululizo hupungua kwa 3 tu. Mtu aliye mita 100 kutoka barabarani akitaka kupunguza desibeli hizo 3 hana budi kwenda mita 200, na hakuna ua wa nyuma wenye urefu huo. Upanuzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, uliozinduliwa Novemba 2025, utaongeza njia, na malori ya usiku hayatapungua. Kwa hiyo Kikopey ina mvutano ambao tangazo la ploti haliutaji: ukipanda juu unakwepa macho ila unasogelea malori na muziki wa Jumamosi, na ukishuka chini unapata utulivu huku umezungukwa na watazamaji. Nenda ukasikilize Jumamosi usiku, saa nne, ukiwa umesimama pale pale unapotaka kulala.

Kuna pia faragha ya kuazima. Mnunuzi anaoneshwa ploti asubuhi tulivu, kushoto shamba la eka 5, kulia vichaka vya leleshwa, na anailipia nafasi hiyo yote moyoni ingawa hati inataja robo eka. Eka 5 zikikatwa kwa 50 kwa 100, hata baada ya kutoa barabara za ndani, zinazaa ploti zaidi ya 30. Bodi ya Udhibiti wa Ardhi huidhinisha mauzo na ugawaji wa ardhi ya kilimo, lakini haiko pale kulinda utulivu wa jirani. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha yako nyumbani, wala haimkatazi mtu kusimama kwenye roshani yake. Kinachodumu zaidi ni ardhi iliyofungwa kisheria au kwa hifadhi: Elmenteita iliingia kwenye mkataba wa Ramsar mwaka 2005 na kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011, pamoja na Nakuru na Bogoria. Kwa sababu hiyo upande wa ziwa una uwezekano mkubwa wa kubaki wazi kuliko shamba la jirani. Mwombe mpimaji akuoneshe ramani ya eneo zima na vigingi vya mipaka ya ploti za jirani, si vya ploti yako peke yake.

Kati ya ploti ya mraba ya futi 100 kwa 100 na kipande cha 50 kwa 200 kilicholala kutoka juu kwenda chini, Kikopey mimi ningechukua cha pili, nyumba juu na ua chini, na miti ya kando kuziba zile mita 2 na nusu. Nafasi ile ya futi 100 kwa upana inavutia macho siku ya kununua, lakini kina ndicho kinachokuficha. Sharti moja ni barabara ya kuingilia iwe upande wa juu, ili lango lifunguke kwenye kibaraza na mgeni amalize shughuli yake hapo bila kuvuka ua. Ploti ambayo lango lake ni lazima liwe chini inakulazimisha umpitishe kila fundi na kila mwenye bodaboda katikati ya faragha yako, na hiyo ni sababu tosha ya kudai bei ishuke.