Ginsi ya Kutafuta Foto katika Maghala ya Mtandao

Parokia inapotengeneza yubile, au katekista anapopanga karatasi za mafundisho, swali halikawii kuja: foto tutaipata wapi? Zamani ilitoka katika sanduku la mapadri, ao kwa mpiga foto wa mjini. Siku hizi mtu hufungua simu, anaandika neno moja, anachukua foto ya kwanza inayotokea. Ndiyo sababu watoto wa inchi nyingine huitwa watoto wa Masisi, na moto wa 2002 huitwa moto wa 2021. Yafaa basi tujue maghala hayo ni nini.

Kazi hii si mpya. Mwaka 1935 Otto Bettmann, mtu wa maktaba huko Berlin, aliukimbia utawala wa Hitler, akafika New York na masanduku yaliyojaa picha. Mwaka uliofuata akaanzisha nyumba ya kukodisha picha kwa magazeti. Leo mkusanyiko wake hupatikana kwa Getty Images, kampuni iliyozaliwa 1995. Alamy ya Uingereza ilifuata 1999, na Shutterstock ya New York 2003. Yote hayo ni maduka. Mpiga foto huweka kazi yake pale, mnunuzi analipa, duka na mpiga foto wanagawana feza. Kutazama ni bure. Kuchapa si bure.

Sasa, kutafuta. Mashini ya ghala haiijui Goma yetu. Inafuata hasa maneno ambayo mwenye foto aliyaandika chini ya kazi yake. Ukiandika « Goma » peke yake, usishangae ukiletewa ufuta, kwani ndilo jina lake kwa Kijapani, ao mpira wa kufutia, kwani Wahispania huuita hivyo. Ongeza Congo, ongeza Nord-Kivu. Jaribu kwa Kifaransa, halafu kwa Kiingereza, kwa sababu wauzaji wengi huandika kwa lugha hiyo. Jaribu na majina ya mahali: Nyiragongo, Sake, Mugunga, Kibumba. Tena kumbuka kwamba inchi yetu ilibadilisha majina. Foto za 1994 ziliandikwa « Zaïre », jina lililodumu toka 1971 hata 1997. Za mbele ya uhuru zi chini ya « Congo belge ». Anayetafuta kwa jina la leo tu huziacha nyuma nyingi sana, naye hajui.

Foto ndogo kama tembre ya posta zitajipanga mbele yako. Zipange kwa tarehe, kama ghala linaruhusu. Usifungue zote, maana kila foto inayofunguliwa inakula mega.

Utaona nini? Wakimbizi wa Rwanda wa Julai 1994, na kipindupindu kambini. Moto wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002, uliopita katikati ya mji ukaangamiza hata katedrali ya Mtakatifu Yosefu. Moto wa tarehe 22 Mei 2021. Vita vya Januari 2025, M23 ilipoingia mjini. Yote ni ya kweli. Lakini kwaya ya Dominika, mtihani wa shule, arusi, mwashi anayejenga kwa mawe ya lava? Ziko, lakini ni lazima uzichimbue. Wengine husema ni chuki ya Wazungu. Mimi naona ni soko zaidi: wanunuzi wakubwa ni magazeti, na gazeti hununua linaloshtua. Hata wapiga foto wetu wenyewe, kama Guerchom Ndebo wa Goma ambaye kazi zake hutolewa na AFP, huulizwa kwanza habari za vita.

Kisha soma maandishi ya chini. Hapo pana jina la mpiga foto, mahali, tarehe, na namba ya foto. Foto isiyo na tarehe wala mahali, iache. Na ile uliyotumiwa katika simu bila maandishi yo yote, itie katika TinEye, iliyoanza 2008, ao katika Google: mashini hizo hutafuta kwa foto yenyewe badala ya neno, nazo huonyesha mara nyingi foto ilikotokea kwanza. Kazi ya dakika mbili. Mwenye kutangaza habari mbele ya waamini asiikose.

Neno moja huwadanganya wengi: « libre de droits ». Watu husoma « bure ». Sivyo! Maana yake ni kwamba ukiisha lipa mara moja, unaweza kuitumia foto mara nyingi kwa masharti yaliyoandikwa, pasipo kulipa tena kila mara. Yale maandishi meupe yanayopita juu ya foto ni alama ya duka: bado haijalipwa. Kuyafuta kwa ufundi wa mashini, kisha kuitia foto katika kitabu cha nyimbo, ni kuchukua mali ya mwingine. Mwalimu wa moral hahitaji somo refu juu ya hilo.

Asiye na feza aende Wikimedia Commons, iliyofunguliwa 2004. Huko foto nyingi za Kivu zilitoka kwa MONUSCO. Unaweza kuzichapa, lakini utaje mwenye foto na masharti yake.

Bado kuna jambo ambalo halilipwi. Foto ya biashara yenye uso wa mtu hudai karatasi ya ruhusa yenye sahihi yake. Foto ya habari haidai. Basi yule mama aliaye Mugunga hakutia sahihi po pote. Anayeichapa Paris hatakutana naye. Sisi twaweza kuibandika mlangoni mwa kanisa, naye akaingia kwa mlango huo huo na watoto wake. Mpolonia Casimir Zagourski, aliyefika Léopoldville 1924, aliuza kadi nyingi za posta zenye nyuso za Wakongo. Chini yake mara nyingi aliandika kabila tu, pasipo jina la mtu. Tunapopiga foto zetu wenyewe, tuulize kwanza, tuandike jina kama mwenyewe anakubali, parokia, siku na mwaka, na tuziweke katika mashini mbili, moja ikiwa mbali na nyingine. Vitu vya Goma twajua vinavyoungua.